Kisu Kisichonyweshwa Maji

Wiki iliyopita utingo wa basi litokalo Tanga aliingia mgahawani kwangu, hapa jirani na stendi ya Same, akaweka mezani kifurushi kilichofungwa kwa kipande cha kanga na kushonwa kwa uzi. Alikuwa ameulizia stendi nzima watu wa Usangi, kwetu mlimani, akaelekezwa kwangu. Juu ya kitambaa paliandikwa kwa kalamu nzito jina la baba yangu, Fundi Eliamini, na chini yake namba ya simu ya aliyetuma. Baba tulimzika mwaka huu, kabla ya mvua za vuli. Nilimshukuru utingo, nikamwagizia chai, nikaingia jikoni kukifungua peke yangu.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Mafuta ya kondoo, yale yanayopakwa chuma kisipate kutu. Ndani mlikuwa na kisu cha kuchinjia, kimenolewa miaka mingi hadi bapa limelika na kubaki jembamba kama jani la muhindi mchanga. Hapakuwa na barua. Nilikaa juu ya ndoo ya maharage, kisu mapajani. Kisu cha namna hii, kutoka mji huohuo, kilishawahi kutufikia nikiwa mtoto, na nilichokifanya siku zile sijapata kumsimulia mtu.

Niseme mapema ili tusilaumiane mbele: mimi ni mtu wa visasi. Wengine huzaliwa na sauti ya kuimba, mimi nilizaliwa na kumbukumbu ya nani alinifanyia nini. Darasa la tatu msichana mmoja aliniita Binti Masizi kwa sababu ya kazi ya baba, na darasa zima likacheka. Sikulia. Nilisubiri wiki mbili, nikashuka bondeni kuchuma upupu kwa jani la mgomba, nikaupaka kwenye benchi lake kabla ya kengele ya asubuhi. Alijikuna mpaka mwalimu akamruhusu kwenda nyumbani. Mpaka leo tukikutana sokoni tunasalimiana vizuri kabisa, na mpaka leo sijutii.

Baba hakuwa hivyo. Alikuwa mfua chuma, mtoto wa mfua chuma, na maneno yake kwa siku nzima ungeweza kuyaweka kwenye kikombe cha kahawa. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya nyumba, kati ya migomba. Chuma alikipata kwenye springi za malori yaliyokufa, na fuawe lake, lile alilogongea, lilikuwa kipande cha reli ambacho babu alikibeba kichwani kutoka bondeni. Kwetu msichana hakuruhusiwa kuingia kibandani moto ukiwa unawaka. Kaka zangu waliitwa kuvuta mivuo, ile mifuko ya ngozi ya kupulizia moto, nao wakaenda wakinuna. Mimi niliyetamani kuliko wao nilibaki nje, nikichungulia kwenye upenyo wa mbao.

Kwa hiyo nilijua mengi kwa macho na sikuambiwa lolote kwa mdomo. Nilijua kwamba kisu kilichomaliza kugongwa bado hakijawa kisu. Ni lazima kipashwe moto hadi kiwe chekundu, kisha kizamishwe majini ghafla, na baba aliita jambo hilo kukinywesha maji. Kisu kilichokunywa maji hushika makali. Nilijua pia kwamba ukikirudisha motoni ukakisahau humo, ugumu wote hutoka, na kinabaki kinang'aa bila faida. Nilijua nusu ya kazi, na nusu hiyo ilinitosha kuharibu.

Majirani wote walikuwa wateja wa baba, lakini mteja aliyempenda kuliko wote hakuwahi kumwona. Aliitwa Mzee Bakari, mchinjaji wa Tanga. Kabla sijazaliwa, mtu wa Usangi aliyekwenda kukata mkonge huko alimpelekea kisu cha baba kama zawadi, na tangu hapo kila baada ya miaka kadhaa salamu zilipanda mlima kwa mdomo wa wasafiri: Mzee Bakari anamsalimu fundi, anaomba kingine, kirefu kidogo kuliko cha mwisho. Siku hizo baba alibadilika. Alizunguka vyuma vyake siku mbili akichagua, akiimba nyimbo za kanisani puani. Mama alimtania kwamba mke mwenzake wa Tanga ameleta salamu, na baba, ambaye hakuwa mtu wa kucheka ovyo, alicheka.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka kumi. Visu vya kiwandani vilikuwa vimejaa maduka ya Mwanga, vina mipini ya rangi, na watu walivipenda. Siku moja tukiwa tunakula, jirani mmoja alikuja na panga alilofuliwa na baba, limemeguka makali kwa kugongwa kwenye jiwe, akalitupa kizingitini, likalia. Alisema, "Chuma chako hicho," akasimama ameshika kiuno. Baba aliliokota, akalipangusa vumbi, akamkaribisha chakula. Alimkaribisha chakula! Nilitaka ardhi inimeze. Mbuzi wa jirani yule alikatikiwa na kamba wiki iliyofuata, akala maharage ya bwana wake mpaka akavimba, na kamba ile haikukatika yenyewe. Lakini fundisho lilishaingia kichwani: kisu kikirudishwa kwa fundi, fundi ametukanwa.

Haukupita mwezi mama akarudi kutoka gulio la Mwanga na kifurushi cha Tanga. Baba alikifungua akiwa amekaa kwenye kigoda, sisi tumemzunguka. Ndani mlikuwa na kisu chake mwenyewe, kile cha kwanza kabisa, kimelika hadi karibu na mgongo. Hapakuwa na barua wala salamu. Baba alikishika kwa mikono miwili, akakigeuza, akakigeuza tena. Machozi yalimtoka mbele yetu. Makande yake yalipoa kwenye bakuli, naye akainuka akaenda kibandani, akafunga mlango ingawa hapakuwa na moto. Nilimuuliza mama kuna nini. Alisema nimwache baba yangu.

Hakuna aliyeona haja ya kumweleza msichana mambo ya wafua chuma, basi nikajieleza mwenyewe. Yule mzee wa Tanga amepata kisu cha dukani chenye mpini mwekundu. Amekitumia chetu mpaka kimeisha, kisha amekitupa kizingitini kwetu kutoka mbali, bila hata neno. Jirani alitutukana kwa hasira, na hasira hupoa. Huyu alifunga tusi lake kwenye kitambaa, akalishona kwa uzi taratibu. Nilimchukia kwa kiasi ambacho leo nikikumbuka naogopa.

Kilichonimaliza ni baba kuwasha moto kesho yake na kuanza kumtengenezea kingine. Nilimwona kwa upenyo wangu akikiingiza kile kisu kikuukuu ndani ya moto, akakibana kati ya vyuma vipya, akagonga mpaka vyote vikawa kitu kimoja. Hakumruhusu kaka yeyote kuongea humo ndani. Alifanya kazi wiki nzima, kisu kimoja, akakinywesha maji, akakitia mpini wa mzambarau alioutunza kwa miaka. Mimi nikasema moyoni: anabembeleza. Ametemewa mate na bado anabembeleza. Kama yeye hawezi kulipiza, mimi naweza.

Nafasi ilipatikana siku ya msiba wa kijiji cha pili. Baba na mama walikwenda kuzika, kaka zangu wakaenda kucheza mpira, na kisu kilikuwa juu ya rafu kikisubiri siku ya gulio. Nilikifungua. Nilizungushia mpini matambara yaliyolowa ili usiungue, nikalaza bapa juu ya makaa ya mafiga jikoni, nikachuchumaa kuangalia. Rangi zilipita juu ya chuma, njano, kahawia, zambarau, kisha bluu ya nzi, kisha ikafifia. Niliacha mpaka mwisho kabisa. Kilipopoa ndani ya jivu, nilikisugua kwa mchanga na kigogo cha mgomba mpaka kikang'aa upya, nikakifunga kwa namna baba alivyofunga, fundo lilelile. Siku ya gulio mama alikibeba mpaka Mwanga, akakikabidhi kwa basi.

Miezi ile nilikuwa na furaha ya ajabu. Nilikuwa nikichota maji najichekea. Nilimwona yule mzee, nisiyeijua hata sura yake, amesimama mbele ya watu na kisu kisichokata, watu wanamcheka, naye hajui cha kusema. Idi ya kuchinja ikapita, na nikajua kwamba hakika mambo yameshatokea huko Tanga. Nilisikitika kitu kimoja tu, kwamba sitaona.

Basi, niliona. Alasiri moja ya baridi mzee mrefu mwenye kanzu na kofia alipanda njia ya kwetu akitokea kituo cha magari, ana fimbo na kikapu, anasimama kila hatua kumi kupumua. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akauliza kama hapa ndipo kwa Fundi Eliamini. Baba alitoka kibandani na koleo mkononi.

"Mimi ndiye Bakari," mzee akasema. "Bakari wa Tanga. Nimekuja kumwona mgonjwa."

Baba aliweka koleo chini. Walishikana mikono muda mrefu sana, wazee wawili waliojuana maisha mazima kwa chuma tu. Mama aliniamuru nilete birika la kunawisha wageni, kwa hiyo nilikuwa pale pale, nimesimama kati yao, mzee alipotoa kile kisu kwenye kikapu.

Alisimulia kwa upole. Siku ya Idi, mbuzi wa kwanza kilikwenda. Wa pili kikagoma shingoni, na mnyama akateseka mikononi mwake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aanze kazi, na ambalo angeulizwa na Mungu. Hakukasirika, alisema. Alikaa akawaza kwamba mkono uliofua visu vile miaka yote hauwezi kufua hiki. Basi ama fundi amekufa ama ni mgonjwa, na mtu hamwulizi rafiki mgonjwa habari za kisu. Ndipo akapanda basi.

Baba alikipokea. Alikigonga kwa ukucha, akasikiliza, na chuma hakikulia. Alitazama shingo ya mpini, pale matambara yangu yalipokauka na kuacha alama nyeusi ndogo. Alikileta puani akanusa moshi wa kuni, wakati kibandani kwake hutumika mkaa. Kisha aliniangalia mimi, si kwa muda mrefu. Birika liligonga beseni.

"Ni kweli," akamwambia mgeni. "Nilikuwa naumwa. Nisamehe."

Uongo huo ulikuwa wa kwanza kuusikia kinywani mwa baba. Mzee Bakari akatikisa kichwa, akauliza kwa sauti ya chini kama kile kikuukuu kilifika, kile cha kwanza. Alisema kisu kile kiliwalisha watoto wake saba, na kilipokwisha aliona kikapumzike kwao.

"Kilifika," baba akasema. "Kimo humo humo."

Yule mzee alikitazama kisu kilichoharibika, akakigusa kwa kidole. Ndipo nilipoelewa, nimeshika birika. Kwa wafua chuma wa kwetu, kisu kilichomtumikia mtu mpaka kikaisha hakitupwi. Hurudishwa kwa aliyekifua, kimya, bila barua, naye hukichanganya na chuma kipya ili kazi iendelee. Ndiyo shukrani kubwa kuliko zote. Majirani walikuwa wakitumia mapanga mpaka yakavunjika na hawakumbuki kufanya hivyo, lakini mtu huyu wa mbali, kama nilivyokuja kusikia, aliambiwa mara moja na yule mkata mkonge, akaishika miaka yote, akasubiri kisu kiishe. Nami nilikuwa nimeichoma shukrani ya baba yangu kwenye mafiga, na kwa ajili hiyo mbuzi mmoja asiyenijua aliteseka.

Asubuhi ya pili baba aliwasha moto akaniita kwa jina, mlango ukiwa wazi na makaa yakiwaka. Kaka zangu walishangaa. Alinionyesha mivuo, na mimi niliyeitamani maisha yangu yote nikaivuta nikilia kimyakimya. Alitaka kukinywesha kisu maji mara ya pili. Kiliiva vizuri, chekundu, sawasawa. Alipokizamisha, ndani ya maji ilisikika sauti ndogo, tik, na baba akafumba macho kabla hajakitoa. Kilikuwa kimepasuka kwenye ungio, pale chuma kikuukuu kilipokutana na kipya.

Siku iliyofuata alimfulia Mzee Bakari kisu kingine kwa springi mpya tupu, mzee mwenyewe amekaa kwenye kigoda anatazama kila pigo, anatikisa kichwa, anasema mashaallah. Walikuwa wakielezana mambo ya makali na mifupa ambayo sijasikia watu wakielezana tena. Jioni walikaa wawili peke yao nyuma ya kibanda na kuongea kwa muda, nami nikiwa na hakika kwamba najadiliwa. Mzee alipotoka alinipa kipande cha halua, akanishika kichwani, akasema mimi ni binti mwenye mikono mizuri. Niliila ile halua nyuma ya migomba.

Asubuhi ya safari yake, baba alichukua kipande cha kile kisu kilichopasuka, chenye chuma kikuukuu ndani, akakifua kiwe kisu kidogo cha jikoni. Niliivuta mivuo tena. Kilipomalizika, chekundu bado, niliinua ndoo ya maji nimsogezee. Baba alisema hapana. Alikilaza chini, juu ya udongo mkavu, na sote watatu, yeye, mimi na Mzee Bakari, tukakitazama kikipoa polepole mpaka kikawa kijivu.

"Hiki hakijanyweshwa maji," akaniambia. "Ni chako. Hakitashika makali zaidi ya siku moja, kwa hiyo utakinoa kila siku. Hutatumia kingine."

Hakunipiga wala hakunitaja kwa mama. Na mimi, bingwa wa upupu na wa mbuzi wa jirani, sikuwa na wa kumlipizia. Nilikinoa kila asubuhi kabla ya shule. Nilikwenda nacho kwa mume wangu, nikahamia nacho Same, na katika mgahawa huu wapishi wangu wana visu vya kila aina, lakini changu ni kile, na jiwe lake liko chini ya meza. Watu hunicheka. Mama, si ununue kipya? Nawajibu kwamba nimezoea.

Jioni ya siku ile ya kifurushi niliipiga ile namba. Akapokea mwanamume wa umri wangu, akajitambulisha kuwa mtoto wa mwisho wa Mzee Bakari. Nilimwambia kisu kimefika lakini fundi hayupo tena. Alinipa pole, akasema naye amemzika baba yake miezi minne iliyopita, na kwamba wosia ulikuwa kisu kile alichofuliwa mbele ya macho yake kirudi Usangi kitakapokwisha. Nami nikampa pole. Kisha akauliza, kwa aibu, kama mimi ndiye yule binti.

"Binti yupi?"

"Wa kisu cha Idi. Baba alituambia tukirudisha hiki, tukuulize kama bado unanoa."

Akacheka kidogo, si kwa ubaya. Alisema baba yake aliiona alama kwenye mpini tangu Tanga, na akajua kwamba fundi hachomi mpini wake mwenyewe; habari ya ugonjwa ilikuwa adabu tu. Alipofika mlimani alimwona mtoto aliyetetemeka na birika. Fundi alitaka kumchapa binti yake, lakini mgeni alimkatalia, akasema yeye ndiye aliyekosewa, kwa hiyo adhabu aichague yeye. Mpe kisu kisichonyweshwa maji, alimwambia, anoe. Alikuwa akiwasimulia watoto wake kila Idi, wakicheka, na kila mara alimalizia kwa kusema siku kisu cha yule binti kitakapokwisha, yeye naye watakuwa wamemalizana.

Nilikaa jikoni mwangu nimepatikana. Nilidhani ni baba, na kwa miaka yote hiyo nilikuwa nikimheshimu baba kwa kisasi kile, kwa kuwa najua kisasi kizuri nikikiona. Kumbe kilikuwa cha yule mzee mpole wa halua. Nilimjibu mwanawe kwamba bado nanoa, kila asubuhi. Akauliza changu kimebaki kiasi gani.

Nilikitoa chini ya meza nikakipima mwangani. Nilimwambia bado kina upana wa kidole kimoja. Kesho yake nilimwagia jiwe maji, nikakinoa kwa mkono mwepesi kuliko siku zote, kwa sababu sitaki kiishe.